Wiki Moja, Fadhila Moja

Msomaji ameniandikia kwamba anataka kuanza upya: hasira, uvivu, uongo, ubadhirifu na kuchelewa, vyote aviache kuanzia Jumatatu. Azma yake naiheshimu. Mpango wake haufiki Alhamisi, kwa kuwa anayejilinda pande tano kwa mpigo hana upande anaoulinda.

Benjamin Franklin, mchapishaji wa karne ya 18 katika mji wa Philadelphia, Marekani, alikwepa mtego huo. Aliorodhesha fadhila 13, akaipa kila moja wiki yake. Mzunguko ukiisha anaanza tena, mara nne kwa mwaka. Kiasi katika kula na kunywa kilitangulia, maana kichwa kikiwa kimetulia ndipo mengine yanawezekana. Unyenyekevu aliuongeza baadaye, rafiki alipomweleza kuwa watu wanamwona mwenye kiburi. Nawe, kabla ya kufunga orodha yako, muulize mtu anayekujua vizuri kasoro gani umeiacha. Litakalokuuma ndilo la kuandika.

Chora jedwali: safu wima saba za siku, safu mlalo moja kwa kila fadhila. Usiku, kabla ya kulala, weka nukta nyeusi kwa kila kosa la siku hiyo. Fadhila ya wiki ndiyo unayoipigania safu yake ibaki bila doa. Nyingine unaziwekea nukta tu, bila kuzikazania. Zamu yao inakuja.

Kazi kubwa iko kwenye maelezo ya kila fadhila, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. “Niwe mvumilivu” hakuna awezaye kuipima. Andika tendo: “Simkatizi mtu kabla hajamaliza kusema.” Basi usiku unajua la kufanya: uliingilia maneno ya mwenzako mara mbili mezani, nukta mbili, hata kama ulikuwa na haki kwenye hoja yenyewe. Hasa kama ulikuwa na haki. Daftari halipimi nani alishinda mabishano.

Usiahirishe kuandika hadi asubuhi. Ukiamka, moyo umeshajitafutia udhuru. Usihesabu mema pia, kwani jedwali la mema hugeuka tangazo la kujisifu, na anayejisifu hajirekebishi.

Wiki za mwanzo ukurasa utajaa madoa. Franklin mwenyewe alishangaa kukuta ana makosa mengi kuliko alivyodhani. Watu hukata tamaa hapo, wakidhani wameharibika zaidi, kumbe sasa ndiyo wanaona. Utaratibu, yaani kila kitu mahali pake na kila kazi kwa wakati wake, ulimsumbua kuliko fadhila zote. Safu ikikataa kusafika wiki baada ya wiki, punguza tendo: badala ya nyumba nzima, meza moja iwe tupu kabla ya kulala.

Tumia penseli, au chora jedwali jipya kila wiki. Daftari la kwanza la Franklin lilitoboka kwa kukwanguliwa nukta za zamani, akahamia kwenye kurasa za pembe za ndovu zinazofutika kwa sifongo mbichi.

Ukisahau usiku mmoja, acha safu ya siku ile tupu. Usiijaze kwa kukisia, wala usianze wiki upya. Andika ya leo.