Anaganda mlangoni, ila matarumbeta yakipita anatembea

SWALI: Baba ana ugonjwa wa Parkinson. Nyumbani akifika mlangoni anaganda, miguu kama imegundishwa sakafuni. Lakini juzi harusini Kiboriloni, matarumbeta yalipopita alitembea nayo hadi ukumbini bila kushikwa mkono. Ndugu wanasema anadeka. Ni kweli?
Msomaji, Moshi

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada. Mzee hadeki, na hao ndugu waambie hivyo.

Ndani kabisa ya ubongo kuna viini vinavyosaidia kupanga wakati wa kila hatua, ndiyo maana mtu mzima hutembea huku akipiga soga. Parkinson hupunguza dopamini humo, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, na saa hiyo ya ndani hulegalega. Mapigo ya nje huupa ubongo saa nyingine ya kuazima. Tena ubongo hausubiri kila pigo ndipo uitikie. Yakishapita machache, unabashiri linalofuata na kutupa mguu mapema ili utue nalo. Ile ngoma kubwa ya matarumbeta ilikuwa ikimhesabia mzee.

Mwaka 1996 mtafiti Michael Thaut na wenzake, Marekani, walichapisha jaribio la wiki 3: wagonjwa waliofanya mazoezi ya kutembea kwa mapigo ya muziki kila siku waliongeza kasi kwa asilimia 25. Vidonge lakini asiache.

Dawa ikiwa imemkolea, mwache atembee, hesabu hatua zake kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Zikiwa 45, weka metronomu ya simu, programu inayogonga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 90 kwa dakika. Hapo wengi hukimbilia kuongeza. Kwa anayeganda mimi siongezi: kasi ikizidi, hatua zinafupika, mwili unatangulia miguu, anaanguka. Wengine nawashusha hadi 81 hivi. Na mtu awe ubavuni kwake siku zote.

Mlangoni, pigo lianze kabla hajafika. Kuna bibi mmoja niliyekuwa nikimfuata kwake. Akisimama kizingitini nagonga fremu kwa kijiko. Mapigo manne ya kuhamisha uzito, kushoto, kulia, kushoto, kulia. La tano anainua mguu. Siku hizi mpiga kijiko ni mjukuu wake, na mjukuu huyo hataki kusaidiwa.

Nyimbo za kwaya za taratibu zitamfariji, ila nyingi hazina pigo la wazi la kukanyagia. Na hedifoni barabarani asivae kabisa. Bodaboda lazima aisikie.