Je, nimeharibu ushahidi kwa kufagia?

SWALI: Wezi walivunja dirisha usiku. Nilifagia vioo kabla polisi hawajafika. Mpelelezi alipaka unga mweusi kwenye fremu ya mbao, akasema hakuna alama ya vidole inayofaa. Je, ushahidi umekwisha?

JIBU: Pole sana, na haujaisha. Alama ya kidole ni jasho na mafuta ya ngozi. Hushika vizuri kwenye kioo au rangi inayong'aa, si kwenye mbao yenye kukwaruza. Kidole kikiteleza, hubaki doa tu lisilosomeka.

Vile vioo viko wapi? Kama bado viko kwenye taka, usiviguse, mwite mpelelezi. Mwizi akijikata, tone dogo la damu laweza kutoa DNA, yaani vinasaba vya kumtambua. Damu hukaushwa kwanza, kisha hutiwa kwenye bahasha ya karatasi. Ikifungwa mbichi kwenye plastiki, unyevu hukosa pa kutokea na ushahidi huoza.

Sasa itazame fremu pale ilipobanduliwa. Ncha ya bisibisi huacha kibonyo chenye upana wake, na ikiwa imemeguka, kila pengo huchora mchirizi wake. Kibonyo hicho hupigwa picha pamoja na rula, kisha huchukuliwa nakala kwa silikoni. Tafadhali usipachike bisibisi yoyote humo kujaribu kama inaingia. Utafuta michirizi hiyo.

Nyayo za viatu zilizo nje zifunike kwa beseni kabla mvua haijanyesha. Simu ikiwa imeibwa, wape polisi namba yake ya IMEI, yaani namba ya kuitambulisha simu hiyo, tarakimu 15, iliyoandikwa kwenye boksi lake.