Barua kwa mwanangu: Hakuna atakayekulaza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma usiku, asubuhi nikaurudia, kwa sababu swali lenyewe fupi lakini limebeba hofu nyingi: "Mama, ukishafumba macho unajua unachosema? Na yule mtu asipokuamsha?" Umeniuliza mimi kwa kuwa unajua nilipitia tiba ya hipnosisi, ile ya kutulia macho yakiwa yamefumbwa huku ukiongozwa na sauti ya mtaalamu, kwa ajili ya tumbo langu lile la kusokota, ambalo madaktari walilipima wee wasione kidonda. Wewe unakwenda kwa ajili ya hofu ya sindano.

Nianze na hilo la kuamshwa, maana najua ndilo linalokukosesha raha. Hakuna kuamshwa kwa sababu hulazwi. Mtaalamu akinyamaza ghafla au akitoka nje, utakaa kidogo, utajiuliza mbona kimya, utafumbua macho. Ukipitiwa na usingizi wa kweli, utazinduka kama mtu aliyesinzia mchana. Kilichotuponza ni jina. Daktari mmoja wa upasuaji, Mskoti James Braid, ndiye aliyelipa umaarufu katika kitabu chake cha mwaka 1843, akilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi. Baadaye mwenyewe aliona halifai, akajaribu kulibadilisha, lakini la kwanza lilikuwa limeshashika. Halafu wakaja watu wa mazingaombwe ya jukwaani, wakamalizia kutuvuruga.

Kikao changu cha kwanza kilikuwa cha maongezi karibu chote. Mtaalamu wangu aliniuliza ninatumia dawa gani, ninalala vipi, kama nina kifafa, kama nimewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Usikasirike ukiulizwa hivyo. Kuna wagonjwa ambao tiba hii inaweza kuwazidishia matatizo. Na wewe usimfiche kwamba huwa unazimia ukiona sindano. Mtu anayezimia, presha yake hushuka, na kumlegeza tu mwili hakumsaidii. Hufundishwa kukaza misuli ya mikono na miguu ili presha ipande. Asipojua, atakufundisha kinyume.

Kikao cha pili ndicho ulichotaka kujua. Aliniambia nichague kitu cha kutazama. Nikachagua msumari ukutani ambao picha yake ilikuwa imeondolewa. Niutazame tu, nivute pumzi taratibu, kope zikiwa nzito niziache zishuke. Zikashuka. Kisha akaanza kunishusha ngazi, daraja moja baada ya jingine, akihesabu kutoka kumi. Tulipofika saba nikamwambia, macho yakiwa yamefumbwa, kwamba magoti yangu hayapendi ngazi hata za kuwaza. Akacheka kidogo, akanihamishia kwenye njia tambarare kando ya mto, tukaendelea. Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, unajua unachosema. Unaweza kujibu, kukataa, kunyamaza, hata kudanganya ukitaka.

Nilichohisi si cha ajabu. Mikono ilikuwa mizito, nikawa sijui vizuri vidole vinaishia wapi. Mate yalinijaa. Tumbo liliunguruma kwa sauti, nikaona aibu. Nilisikia pikipiki ikipita nje, nikawaza kama nimezima jiko, nikajilaumu kwamba nimeharibu. Kumbe sikuharibu kitu. Mawazo huja, unayaacha yapite, unairudia ile sauti. Wengine hutokwa na machozi bila huzuni yoyote. Nilipofumbua macho nilidhani zimepita dakika kumi. Ilikuwa zaidi ya nusu saa.

Kazi yenyewe hufanyika humo katikati. Mimi niliambiwa niweke kiganja tumboni, nihisi joto likiingia, niwaze maji yanayopita mtoni bila kugonga mawe. Nilidhani ni mchezo wa watoto, mpaka niliposoma kwamba watafiti wa Manchester walijaribu tiba hii kwa wagonjwa wa tumbo kama langu, wakachapisha mwaka 1984 kwamba ilisaidia kweli. Kwako huenda akaanza mbali: unakunja mkono wa shati, unasikia ubaridi wa pamba yenye spiriti, ukitishika anarudi nyuma hatua moja. Au atakuambia uwaze mkono umekaa kwenye maji ya barafu mpaka ufe ganzi.

Sitakudanganya kwamba kila mtu huingia sawa. Wachache huzama sana, wachache hawaingii kabisa, wengi tuko katikati. Siku ile nilirudi nyumbani nikisema nimepoteza pesa. Lakini alinipa sauti yake iliyorekodiwa, nikawa naisikiliza kila usiku, na baada ya wiki kadhaa nikashtuka kwamba nimesafiri safari nzima sijauliza choo kiko wapi. Sikumbuki siku lilipoanza kutulia.

Jambo moja tu lanitia wasiwasi. Kabla ya huyu nilimwona mwingine, akataka "kunichimbulia" kumbukumbu za utotoni zilizosababisha tumbo kuuma. Niliaga. Akili haikai kama kanda ya kurudisha nyuma. Chini ya hipnosisi mtu anaweza kujenga tukio ambalo halikutokea na akaliamini kwa dhati. Ukisikia maneno hayo, au ukiahidiwa kupona kwa kikao kimoja, chukua mkoba wako. Nchi nyingi hazizuii mtu yeyote kujiita mtaalamu wa hipnosisi, kwa hiyo muulize alisomea nini kabla ya hapo: udaktari, saikolojia, uuguzi?

Siku yenyewe nenda chooni kwanza, na utoe zile lenzi za macho. Mwishoni atahesabu kukurudisha, nawe utakuwa mzito mzito kwa dakika chache, usikimbilie kuendesha gari.

Uliniuliza pia kama naweza kuingia nawe. Mtaalamu akikubali, ruhusa ninayo, ila nadhani tumbo lako litakaponguruma mimi ndiye nitakayecheka. Nitakaa nje na gazeti langu.

Mama yako