Ubwiri unga kwenye maboga: kabla hujapuliza dawa, geuza jani

Ndugu, umesema majani ya maboga yako yamekuwa meupe kama yaliyomwagiwa unga, na unatafuta tiba isiyowamaliza nyuki. Nimehangaika na ugonjwa huu misimu mingi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona shambani kwangu.

Hakikisha kwanza kwamba ni ubwiri unga, yaani ugonjwa wa ukungu mweupe unaoota juu ya jani. Pitisha kidole juu ya doa. Unga ukibaki kidoleni, ndio wenyewe. Usipotoka, na weupe umefuata mishipa ya jani, hiyo ni rangi ya asili ya aina nyingi za maboga na huna la kutibu. Ukiona madoa ya njano yenye pembe, na chini ya jani pana ukungu wa kijivu, huo ni ubwiri vinyoya. Ni ugonjwa mwingine, na haya ninayoeleza hayatausaidia.

Sasa geuza jani. Hapa ndipo nilipokosea vibaya mwanzoni. Niliona vidudu vidogo vya njano vinavyong'aa, vina madoa meusi mgongoni, vimejaa kwenye majani yaliyougua. Nikavihesabu kuwa adui, nikavipuliza. Msimu uliofuata nilichuchumaa nikavitazama kwa utulivu: kimoja kilikuwa kinatembea polepole juu ya doa jeupe, na kilikopita jani lilibaki kijani. Kilikuwa kinakula ukungu! Wapo wadudu-kibibi ambao chakula chao ni ubwiri unga wenyewe, wakubwa na mabuu yao. Peke yao hawaumalizi, lakini nilikuwa nawaua wasaidizi wangu. Usiwachanganye na yule mkubwa kidogo, wa rangi ya machungwa iliyofifia, asiyeng'aa kwa sababu ana vinyweleo. Huyo hukwangua jani mpaka libaki kama wavu, na huyo mtoe kwa mkono.

Dawa ninayoanza nayo ni maziwa: sehemu 1 ya maziwa kwa sehemu 9 za maji, mara moja au mbili kwa wiki, pande zote mbili za jani. Si imani tu. Mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha mwaka 1999 majaribio ya maziwa ya ng'ombe kwenye zukini, mmea wa jamii ya maboga, na ugonjwa ulidhibitiwa. Ila yanakinga kuliko yanavyoponya. Anza ukiona madoa mawili matatu, usingoje jani zima liwe jeupe.

Saa ya kupuliza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ua la boga hufunguka alfajiri, nyuki wakalifanyia kazi asubuhi, na ikifika mchana limekwisha kujifunga. Mimi hupuliza saa 9 au 10 alasiri: nyuki wamemaliza na maboga, jua bado lipo, majani yanakauka kabla ya usiku. Hata hivyo, bomba silielekezi kwenye ua, hata lililofunga, maana wapo nyuki wanaolala humo.

Maziwa yakishindwa, natumia bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki: kijiko 1 cha chakula kwa lita 4 za maji, na matone machache ya sabuni laini ya maji ili ishike. Ijaribu kwenye jani moja, ungoje siku mbili. Ukizidisha inaunguza, na sodiamu yake hujilimbikiza kwenye udongo.

Mafuta ya mwarobaini na salfa ndivyo ninavyoviogopa, ingawa wengi huviita vya asili na kuvimwaga bila kufikiri. Mafuta huziba pumzi ya kila mdudu laini yanayemgusa, na buu la mdudu-kibibi ni laini sawa na kidukari. Salfa ni kali kwa utitiri wanaowinda utitiri wenzao, na kwa nyigu wadogo wanaotaga ndani ya wadudu waharibifu. Niliwahi kuipuliza kwenye matango jua likiwa kali, majani yakaungua kingo zote. Joto likipita nyuzi 30 iache kabisa, na usiitumie ndani ya wiki mbili za kupuliza mafuta.

Nafasi ndiyo iliyonisaidia zaidi ya dawa zote. Ukungu huu hauhitaji jani lililolowa ili uote, unapenda kivuli na msongamano. Kata majani ya chini yaliyozeeka, punguza mbolea ya naitrojeni, na usiyavue majani mpaka matunda yakaungua na jua. Kama umekaribia kuvuna, acha tu. Boga lililokomaa halitadhurika na majani meupe ya mwisho.

Kama una njegere karibu na maboga, usizing'oe kwa hofu. Ubwiri wa maboga si ule wa njegere, hauhami kutoka huku kwenda kule. Kesho asubuhi geuza majani kumi hivi, kisha utuandikie umekuta wadudu gani, wa njano wanaong'aa au wale wenye vinyweleo.