Ukungu Mweupe Kwenye Migongo ya Samoni

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Tanga, na sasa ninaishi Aberdeen, Uskoti. Mwishoni mwa Novemba nilikuwa nikipita kando ya mto Dee nikawaona samoni wakubwa wakijikongoja ukingoni bila kushtushwa hata na kivuli changu, huku migongo na mikia yao imeota kitu cheupe mfano wa pamba. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Je, kuna sumu iliyomwagwa mtoni? Kama ni ugonjwa, mbona wahusika hawatii dawa? Na samaki wa namna hiyo analika?
Msomaji, Aberdeen

JIBU: Ndugu msomaji, kwa dalili ulizozieleza, hao samoni walikuwa wameshikwa na kimelea ambacho wataalamu wanakiita Saprolegnia parasitica. Kinaota kama ukungu, na kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa aina ya kuvu, ingawa kwa nasaba kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini. Jamaa yake mmoja wanamfahamu vizuri wakulima wa viazi wa Njombe na Mbeya, kwani ndiye anayeleta bakajani chelewa mashambani msimu wa mvua na ubaridi. Samaki akiwa majini, nyuzi za ukungu huo husimama na kupepea kwa mkondo. Akitolewa nje hulala zote mara moja, na kinachobaki ni utando wa ute wa kijivu, au wa hudhurungi ikiwa umenasa tope.

Mbegu zake, ambazo hazionekani kwa macho na huogelea kwa vimkia viwili, zimo mitoni mwaka mzima, na samoni mwenye afya hupita katikati yake bila kudhurika kwa sababu ute wa ngozi yake huzizuia. Kwa hiyo swali la maana zaidi ni nini kilichoivunja kinga hiyo. Katika mwezi ulioutaja, jibu kwa kawaida ni uzazi wenyewe. Samoni wa Atlantiki akishaingia mtoni kutoka baharini huacha kula, akaishi kwa mafuta aliyojiwekea, na homoni zinazomwandaa kutaga humpunguzia nguvu ya kupambana na maradhi. Jike huchimba kiota kwenye changarawe kwa kupigapiga mkia hadi ngozi inachubuka. Dume, ambaye taya lake la chini huota ncha iliyopinda, hushambuliana na madume wenzake wakaachiana majeraha. Ndiyo maana uliona ukungu mikiani na migongoni. Ukishatanda, ngozi huoza, maji ya mto yakapenya mwilini huku chumvi ya damu ikipotea, na hicho ndicho hasa kinachomuua samaki.

Uskoti haukuanza leo kuliona jambo hili. Katika miaka ya mwisho ya 1870 samoni walikufa kwa wingi katika mito inayoingia ghuba ya Solway, mpakani na Uingereza, na Thomas Henry Huxley, mwanabiolojia aliyeteuliwa kuwa mkaguzi wa uvuvi mwaka 1881, akalichunguza suala hilo. Aliuchukua ukungu kutoka kwa samoni mgonjwa, akaupaka kwenye nzi waliokufa, nao ukaota. Jaribio dogo kabisa, lakini kwangu mimi ni mojawapo ya majaribio mazuri ya enzi ile, kwa kuwa lilidhihirisha kwamba ukungu unaomla samaki hai unaweza pia kujilisha kwa mizoga ya wadudu. Katika miaka ya 1960 likaja balaa jingine, lililoanzia kusini-magharibi mwa Ayalandi na kuenea hadi mito ya Uskoti na Uingereza: vidonda vilitokea kwanza kichwani, mahali pasipo na magamba, kisha ukungu ukafuata na kumaliza kazi. Chanzo cha vidonda hivyo hakijathibitishwa hadi leo.

Kuhusu sumu, angalia nani anakufa. Maji yakitiwa sumu, huathirika samaki wa kila aina na kila umri, pamoja na wadudu wa mtoni. Wakifa samoni wakubwa waliokonda baada ya kutaga, na wengine wote ni wazima, sumu si ya kwanza kushukiwa. Jambo la kutia wasiwasi ni ukungu kumshika samoni mnene, bado anang'aa kama fedha, aliyetoka baharini siku chache tu, kwani huyo hana sababu ya uzazi ya kudhoofika. Ukimwona wa aina hiyo, mpige picha na uiarifu bodi ya uvuvi wa samoni ya mto huo.

Dawa zipo, ila ni za mabwawa na vituo vya kuangulia vifaranga. Rangi ya kijani iitwayo malakiti ilikuwa na nguvu kuliko zote hadi ilipopigwa marufuku kwa samaki wa chakula katika nchi za Ulaya, kwa hofu kwamba inaweza kusababisha saratani. Kuimwaga dawa yoyote katika mto unaotiririka kungewadhuru viumbe wengine, na kesho yake ingekuwa imeshafika baharini. Tiba anayoipata samoni wa mtoni ni chumvi ya bahari, ambayo ukungu huu hauivumilii: wachache wanaojaliwa kufika huko, hasa majike, huweza kupona, na baadhi yao hurudi tena kutaga.

Kimelea hiki hakimshambulii binadamu. Hata hivyo usimchukue samaki huyo: nyama yake imekwisha mafuta na ladha, na sheria ya Uskoti inakataza kumtwaa samoni aliyekwisha kutaga. Mizoga nayo iache ilipo, kwani fisi maji na ndege wanaitegemea majira ya baridi.