Maswali na Majibu: Wati na Wati-saa katika Umeme wa Jua

Betri yangu ya kilowati-saa 5 ilikuwa imejaa, lakini nilipowasha birika la umeme na pasi kwa pamoja, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumiwa na vyombo vya nyumbani) ilijizima. Je, betri ni mbovu?

Yaelekea betri yako ni nzima. Kilowati-saa 5 ni kiasi cha nishati iliyohifadhiwa, wala hazikuambii ni umeme kiasi gani unaoweza kutolewa kwa mpigo mmoja. Hiyo ya pili ni nguvu, ambayo hupimwa kwa wati, na kikomo chake huwekwa na inveta pamoja na kidhibiti kilichomo ndani ya betri. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vinadai jumla ya wati 3,200. Ikiwa inveta yako ni ya wati 3,000, itajizima ili isiungue, hata betri ikiwa imejaa pomoni. Ajabu ni kwamba birika hilo, likichemsha maji kwa dakika 6, hutumia wati-saa 200 tu (wati 2,000 mara sehemu ya kumi ya saa), ilhali balbu ya wati 10 inayoachwa ikiwaka usiku na mchana hutumia 240. Tafadhali usikimbilie kununua betri ya pili. Soma kibandiko cha inveta, kisha washa kifaa kimoja baada ya kingine.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 itaendesha televisheni ya wati 60 kwa muda gani?

Zidisha 12 kwa 100 upate wati-saa 1,200, kisha ugawanye kwa 60: saa 20, lakini hizo ni za kwenye karatasi. Betri ya risasi na asidi huchakaa mapema ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu, na inveta nayo hupoteza sehemu ya nishati kama joto, kwa hiyo tegemea saa 8 au 9. Ya lithiamu, ambayo kwa kawaida huruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi, itakufikisha kwenye saa 14 hivi. Muuzaji akitaja ampea-saa pekee, muulize volti, kwa maana ampea-saa 100 za volti 24 hubeba nishati mara mbili ya hizo zako.

Friji yangu imeandikwa wati 100. Mbona inveta ya wati 300 inashindwa kuiwasha?

Kompresa, yaani pampu ya friji inayoendeshwa na mota, inapoanza kuzunguka huvuta wati mara kadhaa zaidi, kwa muda mfupi sana. Tafuta inveta inayohimili kilele hicho.

Nina paneli ya wati 400, lakini sijawahi kuziona zote. Nimepunjwa?

Si lazima. Kipimo hicho huchukuliwa chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya paa lenye jua kali seli hupita nyuzi 50, na kadiri zinavyopata joto ndivyo nguvu inavyoshuka. Siku yenye jua linalolingana na saa 5 za mwanga kamili, hesabu wati-saa 2,000 kabla ya upotevu, na upange matumizi yako kwa 1,500.