Usimng'oe mtoto gego kabla hujahesabu (mimi sikuhesabu)

Dada wa Buzuruga, hiyo nauli ya kesho ya kwenda kumng'oa mtoto jino irudishe kwenye pochi kwanza. Nimesoma uzi wako mara mbili: mtoto ana miaka 7, gego la chini lina doa jeusi na kishimo, halimuumi ila akinywa baridi anashtuka, na jirani kakwambia "ling'oe tu, la utoto hilo, litaota jingine." Umeuliza pia dawa ya mswaki ipi nzuri. Hilo tutalifikia. Hilo la "litaota jingine" ndilo limenitoa kitandani.

Mimi niliambiwa hivyohivyo. Kijana wangu alikuwa na umri wa wa kwako, sasa ana 14. Nikampeleka kwenye kichumba fulani karibu na stendi, sikitaji, kilikuwa na bango la jino linacheka. Jamaa wa koti jeupe akachungulia mdomoni kama mtu anayeangalia mafuta kwenye tangi la bodaboda, akasema, "Mzee, la utoto hili, tunalitoa." Hakupiga picha wala hakuhesabu. Ganzi, koleo, mtoto kalia, nimelipa, tumetoka. Na nilimshukuru! Nilimwambia Mungu akubariki kijana. Mpaka leo nikikumbuka hiyo baraka natamani niifuate nikaichukue.

Njiani mtoto akataka alirushe jino juu ya bati aombe jipya, kama tulivyofanya sisi. Nikamwambia subiri tufike nyumbani, likasahaulika mfukoni mwangu. Afadhali, maana panya wa Mabatini wangekuwa wanahangaika na hilo deni hadi leo.

Tukasubiri. Mwaka wa kwanza, pengo. Mwaka wa pili, pengo. Kila Jumapili nammulika kwa tochi kama mvuvi wa dagaa, sioni kitu. Alipofika miaka 12 nikaona jino linachomoza nyuma, nikaita mama yake kwa shangwe. Kumbe ni jingine kabisa, lenye zamu yake, na limeota limelala kuelekea kwenye pengo kama mlevi aliyeegemea ukuta. Chakula kinakwama pale kila siku. Michembe ya bibi yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anaitafuna upande mmoja, matobolwa, vile vya kuchemshwa kisha kukaushwa, ndiyo kabisa anamwachia mdogo wake.

Ndipo nikaenda kwa daktari wa meno wa kweli. Nikamtolea lile jino, nilikuwa nimelihifadhi kwenye kiberiti. Akaligeuza, akanionyesha mizizi: minene, na ncha zake ziko wazi kama mrija uliokatwa. Akasema, "Hili lilikuwa bado linajenga mizizi yake. Ni la ukubwani. Halina mwenzake chini." Nilikaa kwenye kile kiti mimi, si mtoto.

Sasa sikiliza, na hili ndilo pekee ninalokuomba ushike. Meno ya utoto ni 20, matano kila robo ya mdomo. Anza katikati mbele, hesabu kurudi nyuma, na pengo la jino lililodondoka lihesabu. La kwanza hadi la tano, sawa, yana mbadala. LA SITA HALINA. Linaota mtoto akiwa na miaka kama 6, nyuma ya yote, bila jino lolote kung'oka kulipisha, ndiyo maana wazazi hatulijui. Linaingia kama mpangaji aliyepitia mlango wa uani. Na kati ya meno ya ukubwani ndilo linalowahi kutoboka, kwa sababu juu lina vijifereji na mtoto hajui kufikisha mswaki kule.

Kilichoniuma zaidi ni pale daktari aliposema kishimo kama kile wala hakikuhitaji mashine. Anakwangua sehemu laini kwa kijiko kidogo cha mkono, anaziba kwa saruji ya meno iitwayo glasi-ionoma, inayong'ang'ania jino na kulitolea polepole floraidi, madini yanayoimarisha meno. Na njia hiyo ilianza kutumika hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kupitia Mholanzi Jo Frencken na wenzake, kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme. Yaani nipo kwenye nchi yenyewe, nalipia koleo.

Nimeishuhudia kwa binti yangu. Hakuna kelele, mara nyingine wala ganzi hakuna. Daktari kapaka mafuta ya mgando kwenye kidole cha glavu, kakandamiza ile saruji jinoni, binti anatazama tu dari. "Usile kwa saa moja." Basi. La sita la upande wa pili lilikuwa zima, akaziba vijifereji vyake kabla mdudu hajafika. Na yale mawili ya utoto yaliyokuwa yameoza kayapaka ile dawa ya madini ya fedha yenye floraidi, inasimamisha uozo bila kuchonga. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, si uganga. Ila inaacha weusi tii pale palipooza. Mama mkwe alikuja kutoka Sengerema, akamwangalia mjukuu, akaniuliza kama siku hizi tunamlisha mkaa.

Jirani yako simlaumu sana, hajui. Huyo wa koti jeupe ndiye nina kesi naye, maana kuhesabu hadi sita wanafundishwa chekechea.

Sijasema jino haling'olewi kamwe. Likishaoza hadi kwenye mshipa, mtoto anaamka usiku analia au fizi imevimba, hiyo wahi hospitali, na kama ni la sita wapige picha kwanza ndipo waamue. Lakini la kwako halimuumi!

Ah, dawa ya mswaki: yoyote yenye floraidi, akimaliza ateme povu asisukutue na maji. Na soda na ubuyu wa shuleni, tuvisamehe? Hapana.

Mmulike leo kabla hajalala. Hesabu kutoka katikati, kisha rudi hapa useme ni la ngapi.